Mbwa Wangu na Jirani Yangu

Msomaji wangu, kuna mambo ambayo watu hawayataji karibu na chakula, na hili nitakalokusimulia ni mojawapo. Walakini jambo lisilotajwa haliachi kuwapo. Kinyesi cha mbwa hakitoweki kwa sababu tumeona haya kukisema. Hukaa pale kilipoangushwa, kikangoja mvua, nzi, au unyayo wa mtoto. Kwa hiyo niwie radhi nikikiita kwa jina lake, na kama nyumbani kwenu mna mbwa, nifuate mpaka mwisho.

Nilipohamia mji mmoja mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa, nilipanga nyumba yenye uwanja wa mchanga na mwarobaini mmoja. Wezi walikuwa wameizoea njia ile, nami nikatafuta mbwa wa kunilinda, nikamwita Simba. Upande wa bondeni nilipakana na mzee mmoja wa Kiislamu, mtu mpole, mwenye kisima alichokuwa akiteka maji ya kutawadha na ya matumizi ya jamaa yake. Kati yetu palikuwa na ua wa makuti tu.

Simba aliitimiza kazi yake. Mimi sikuitimiza yangu. Kila asubuhi nilichota kinyesi kwa koleo nikakitupa nyuma ya nyumba, kando ya ua ule, nikijiambia kwamba jua na mchanga vingekimaliza. Siku nyingine nilisahau hata hilo. Masika yalipoingia, maji ya mvua yalipita chini ya makuti yakashuka bondeni, wala sikujiuliza yalikwenda na nini.

Asubuhi moja mzee alibisha hodi. Nilimkaribisha ndani, lakini alisimama mlangoni, amemshika mkono mjukuu wake, mtoto wa miaka sita. Alimwambia ainue mguu. Katika wayo niliona mstari mwekundu, mwembamba, uliopindapinda kama njia ya mdudu chini ya gome la mti. Mtoto alikuwa hajalala usiku wa tatu kwa kuwashwa.

"Bwana," mzee alisema, "daktari amesema hii ni minyoo ya safura, ya mbwa au ya paka, iliyopenya ngozi kutoka mchangani. Sikuja kugombana nawe. Nimekuja tutazame pamoja ardhi yetu."

Msomaji, nitakuungamia kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa paka. Mji ule una paka wengi wasio na mwenyewe, na hakuna mtu ambaye angeweza kuapa kuwa mnyoo ule ulitoka kwa Simba. Ningalisema hivyo, mzee angalinyamaza akaenda zake, nami ningalibaki na haki ya maneno na mzigo wa moyo. Lakini macho yangu yalikwisha kwenda nyuma ya nyumba, na niliyoyaona kule hayakuhitaji shahidi.

"Mzee wangu," nilijibu, "paka wana sehemu yao, lakini hawana bwana wa kuulizwa. Mbwa anaye, naye ni mimi. Niwie radhi."

"Radhi ipo, mwanangu," alisema. "Sasa tufanye kazi."

Mtoto alitibiwa, na mstari ule ukafifia ukaisha. Mimi nami nilianza kujifunza jambo nililopaswa kulijua kabla sijamfunga Simba kamba ya shingoni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Watu wengi hudhani kwamba kinyesi cha mbwa ni samadi kama ya ng'ombe. Sivyo. Ng'ombe hula majani. Mbwa hula nyama na mifupa, na tumboni mwake huweza kukaa minyoo inayomdhuru mwanadamu. Mayai ya safura huanguliwa katika mchanga wenye joto na unyevu, na kwa muda wa siku chache tu viluwiluwi vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu. Mayai ya mnyoo mwingine, mnene na wa mviringo, huweza kudumu udongoni kwa miaka, na mtoto akiyameza pamoja na uchafu wa vidole, viluwiluwi huweza kutangatanga mwilini hata kufika kwenye ini, mapafu au jicho. Iko na tegu ndogo ambayo mayai yake huota uvimbe wa maji katika ini au mapafu ya mtu. Maradhi hayo yamewatesa sana wafugaji wa Turkana, ambako mbwa na watu huishi karibu mno, na ambako wenyeji hao walihesabiwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani.

Tena uko uharibifu wa maji. Kinyesi kikisombwa na mvua hupeleka vijidudu vya maradhi visimani na mitoni. Hupeleka rutuba pia, na rutuba ikizidi majini huotesha mwani mwingi, ambao ukioza huwanyima samaki hewa. Hivyo kitu unachokitupa nyuma ya nyumba hakikai nyuma ya nyumba.

Dawa ya kwanza ni kuokota kila siku. Ukiondoa kinyesi siku ile ile, unakiondoa kabla mayai ya safura na ya mnyoo ule mnene hayajawa hatari. Tumia koleo lililotengwa kwa kazi hiyo peke yake, kisha nawa mikono kwa sabuni hata kama hukugusa kitu.

Dawa ya pili ni kukiweka mahali pake. Penye choo cha shimo kilichojengwa vizuri, kitumbukize humo, bila mfuko wala takataka nyingine. Usikitie katika mfuko wa plastiki ukautupa jalalani. Mifuko hiyo ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata pasipo sheria, ni upuuzi kukihifadhi kwa miaka mingi kitu ambacho ardhi ingekimaliza.

Pasipo choo cha shimo, chimba shimo maalumu mahali pa juu, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, mbali na bustani ya mboga, na pasipotuama maji. Kila utiapo kinyesi, kifunike kwa udongo na majani makavu, na juu ya shimo weka kifuniko kizito. Likikaribia kujaa, lizibe kwa udongo wa kutosha, uchimbe jingine.

Kwangu mimi shimo halikufaa. Chini ya mchanga wetu kuna mwamba wa matumbawe, ambao maji hupita ndani yake upesi, na kisima cha mzee kilikuwa karibu. Basi nilitafuta pipa kuukuu lisilotoboka kitako, nikalitoboa matundu madogo ubavuni lipate hewa, nikaliweka chini ya kipaa mvua isiingie. Kwa seremala nilipata unga wa mbao bure. Kila sehemu mbili za kinyesi nilichanganya na sehemu moja ya unga huo, nikatia unyevu kidogo na kugeuza mara kwa mara. Kipimo hicho kimetumiwa Fairbanks, katika Alaska, na watu wafugao mbwa wengi wa kukokota magari ya thelujini. Wao hufanya chungu kubwa, nayo hupata moto wa nyuzi 60 na zaidi, uwezao kuua vijidudu vingi. Pipa la mbwa mmoja halipati moto huo. Kwa hiyo nililifunga lilipojaa, nikaliacha zaidi ya mwaka mmoja, nikaanza la pili. Mboji yake niliifukia kwenye shina la mwarobaini. Kamwe usiitie katika mchicha, sukuma wiki, au chochote kiliwacho.

Dawa ya tatu ni kuanzia kwa mbwa mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo kwa wakati wake, wala usimtupie maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa, maana humo ndimo tegu ile hupatia makao mapya.

Kazi yote hii hainichukui robo saa kwa siku. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini niliiacha mpaka mtoto wa mtu mwingine alipoumia. Nadhani ni kwa sababu uchafu wetu, tukisha uvusha ua, huonekana kuwa si wetu tena. Nilimpenda Simba kwa usingizi alionipa, nikamwachia jirani gharama ya usingizi huo.

Mzee alikuja siku moja kulitazama pipa. Alilizunguka, akanusa, akacheka kwa kuwa hapakuwa na harufu. Kisha alimwita mjukuu wake, ambaye alikuwa amezoea kucheza akiwa amevaa ndala, akamruhusu apite upande wetu. Sikupata kupewa sifa iliyonifurahisha kuliko ruhusa ile.

Basi, msomaji wangu, kesho asubuhi kabla hujaenda shule, tazama nyuma ya nyumba yenu. Ukikuta kitu cha mbwa wenu, usingoje mtumishi, wala mama, wala mvua. Chukua koleo.