Kigoda Kilichobaki Karatasini

Ndugu msomaji, ukutani sebuleni kwangu pana karatasi ya daftari yenye mchoro wa penseli. Wageni hudhani ni mchezo wa mtoto tu. Naomba nikueleze kwa nini siiondoi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo nyumbani Bukene, wilayani Nzega, pamoja na mwanangu wa darasa la sita. Baba yangu alikuwa na kigoda cha mninga chenye miguu mitatu, kilichochongwa kutokana na gogo moja, nakshi zikizunguka ukingo wake. Mtoto alikaa chini ya mwembe asubuhi nzima akikichora. Mimi, nakiri kwa aibu, nilikuwa nikipatana bei na mchuuzi wa vinyago. Nilimshawishi mzee akiuze, nikamnunulia kiti cha plastiki. Hakubisha, alisema tu kwamba mimi ndiye mwenye elimu.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kiti kile kilipasuka kabla ya masika mengine.

Baadaye nilisoma habari za kiti cha enzi cha mtemi wa Buruku, huko huko Unyamwezi, kilichopelekwa Berlin, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Mgongoni mwake amechongwa binadamu mwenye mikono na miguu mirefu, na vitabu vya sanaa hukisifu hadi leo. Moyo uliniuma. Kile kilichukuliwa zama za ukoloni. Cha baba yangu nilikiuza mwenyewe.

Ndipo nilipoutazama mchoro kwa makini. Penseli imekazwa penye kivuli, ikalegezwa pale mti uliponga'rishwa na miaka ya kukaliwa. Upande mmoja nakshi zimefifia. Nilikua nikikiona kigoda kile kila siku, lakini jambo hilo sikuliona kamwe. Mtoto aliliona kwa asubuhi moja, maana asiyetazama hawezi kuchora.

Nilimpelekea baba mchoro huo. Alipitisha kidole taratibu penye nakshi zilizofifia, akasema, "Hapa ndipo niliposhika kila nilipoinuka."

Ndugu mzazi, mwanao akiomba penseli, mpe. Mpeleke kwa bibi yake achore kitunga, kibuyu au mwiko, na aandike chini yake maneno ya mwenye chombo. Mchoro haukunirudishia kigoda. Lakini bila huo nisingalijua nilichokiuza.