Mvua Haisubiri Msaada

Huenda leo asubuhi ulikunywa chai kwa kiazi kitamu. Kama ulikinunua sokoni hapa Nairobi, yamkini kilitoka Kabondo, Kaunti ya Homa Bay, anakolima shangazi yangu. Naomba tuzungumze kidogo juu ya mkulima kama huyo, na msaada alioahidiwa wakati wa korona.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Kabla ya mwezi kwisha kafyu ikaanza, na Aprili 6 njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mama aliyezoea kupanda basi na magunia yake mawili hakuwa na lori. Nasi tuliozoea kutuma pesa nyumbani, wengi tulikuwa tumesimamishwa kazi.

Serikali haikukaa kimya. Machi 25, Rais Uhuru Kenyatta alitenga Sh10 bilioni kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Mei 23 akatangaza mpango wa Sh53.7 bilioni wa kufufua uchumi. Kati ya hizo, Sh3 bilioni zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kwa njia ya vocha za kielektroniki.

Sasa hebu tazama kalenda ya mkulima. Kwetu, mahindi ya mvua ya masika hupandwa Februari na Machi. Ifikapo mwisho wa Mei yamekwisha kupaliliwa na yanatoa mbelewele. Mbolea ya kupandia iliyotangazwa siku hiyo ingefaa msimu wa vuli tu. Shangazi alikuwa amepanda mbegu alizoning'iniza juu ya moto jikoni, bila mbolea yoyote.

Aliyemwokoa ni nyanya, aliyekwisha kupita miaka 70. Zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii ndizo zilizolipia ng'ombe wa kulima na mbegu za vuli. Kwa nini pesa hizo zilimfikia nyanya? Kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha kabla ya balaa kuja.

Na shangazi je? Karani aliyepita kijijini kuandikisha wakulima aliuliza shamba ni la nani. Shangazi ni mjane, na shamba lingali kwa jina la marehemu baba mkwe. Basi akaandikwa shemeji yake anayekaa mjini Migori, ambaye hajashika jembe kwa miaka kumi. Mwenye jasho akaachwa nje.

Korona imepita, lakini orodha hazijaisha. Tangu 2023 wakulima wamekuwa wakisajiliwa ili wauziwe mbolea ya bei nafuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, msomaji, ukipiga simu nyumbani Jumapili hii, baada ya kuuliza habari za mvua na mifugo, uliza jambo moja zaidi: je, jina la mama anayelima limeandikwa? Kama bado, mtumie nauli aende kwa chifu na kitambulisho chake mkononi. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gunia la mbolea, na msimu wa kupanda ukifika hautamngoja.