Vazi la Mabaka Huchaguliwa Ziwani, si Dukani

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ninakoishi na familia yangu, ukifika mwisho wa Septemba mazungumzo ya majirani hugeuka kuwa ya bata. Ndege hao huhama kutoka Kanada kuelekea kusini kwa kufuata bonde la mto Mississippi, ambalo ni mojawapo ya njia kuu nne za ndege wahamao katika Amerika ya Kaskazini. Nasi Waislamu tuishio huku tunao baadhi yetu wanaowinda, kwani nyama ya bata mwitu ni halali kwetu iwapo itapatikana kwa njia ya halali. Mwaka huu kijana wangu alitimiza miaka 16, akahitimu mafunzo ya usalama wa bunduki yanayodaiwa na jimbo, kisha akaniomba nimnunulie vazi la mawindo. Mazungumzo yetu juu ya vazi hilo yalikwenda mbali kuliko nilivyotarajia, na nimeona si vibaya wazazi wenzangu wakayasikia.

Mwenye kuingia katika duka la zana za mawindo hukuta makoti ya mabaka yametundikwa ukuta hadi ukuta. Yako yenye picha za matete, yako yenye magome ya miti, yako yenye majani mabichi, na yako meupe kwa ajili ya theluji. Kampuni mbili zilizoeneza zaidi michoro ya namna hii kwa wawindaji, Mossy Oak na Realtree, zote zilianza mwaka 1986. Leo nembo zao zimekuwa fahari, hata vijana wasiowinda huzivaa shuleni. Kijana wangu alishika koti lenye majani ya kijani kibichi, lililokuwa na bei ya kutosha kulisha nyumba yetu kwa wiki nzima. Nikamuuliza, "Mwanangu, huko tunakokwenda mwisho wa Oktoba, utayaona wapi majani mabichi?" Akanyamaza.

Mabaka yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuoanisha rangi ya mtu na mahali alipo. Ya pili ni kulivunja umbo lake, ili jicho lisione bega, mkono na kichwa, bali lione vivuli na nyasi. Mwalimu wa elimu hii ni bata mwenyewe. Jike la bata wale ambao madume yao yana kichwa cha kijani limeumbwa na manyoya ya kahawia yenye michirizi, nalo likiatamia mayai nyasini waweza kulipita karibu usilione. Hata dume, katika majira ya kiangazi anapopukutisha manyoya ya mbawa na kushindwa kuruka, hupoteza uzuri wake kwa muda na kuvaa rangi ya jike. Aliyemuumba alimpa vazi la mahali na wakati wake, si vazi la maonyesho.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua na aende kwanza akatazame mahali pa kuwindia. Sisi huwinda kando ya ziwa dogo lililozungukwa na matete, ambayo kwa wakati huo yamekauka na kuwa ya rangi ya nyasi kavu. Hapo hufaa mabaka ya manjano hafifu na kahawia. Katika misitu ya Arkansas ambayo maji huifurika wakati wa baridi, mwindaji husimama majini akiegemea mti. Huko hufaa mabaka ya magome, ya kijivu na kahawia nzito. Kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa hufaa rangi ya mabua. Theluji ikifunika kila kitu, shuka jeupe la kawaida huweza kushinda koti la gharama. Tena nguo ikilowa huwa nyeusi zaidi, kwa hiyo anayesita kati ya rangi mbili karibu na maji na achague iliyo hafifu.

Liko pia jambo la macho ya ndege. Mwindaji wa paa katika majimbo mengi huamriwa na sheria kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, ili wenziwe wamwone, kwani paa haitambui rangi hiyo kama tuitambuavyo sisi. Bata si kama paa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, na huzipambanua rangi vizuri kuliko binadamu. Sabuni zenye kemikali za kung'arisha hulifanya koti jipya kuwa kama taa machoni pake. Na juu ya yote, bata huona mwendo. Uso mtupu ulioinuliwa kutazama juu, au mkono unaopepea, huharibu kazi ya koti lolote. Kofia pana, kitambaa cha usoni, glovu na subira vina thamani kuliko nembo.

Hapo kijana wangu aliuliza swali ambalo ndilo hasa la makala haya: "Baba, kwa nini tujisumbue hivi? Si tupige tu kwa mbali?"

Nilimjibu kwamba kujificha ni sehemu ya uhalali wa chakula chetu. Tumekatazwa kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo. Tena imepokewa kutoka kwa Adiy bin Hatim (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza kula windo alilolikuta limezama majini, kwa kuwa haijulikani kama limeuawa na mshale au na maji. Kwa anayewinda ziwani, hukumu hiyo si jambo la pembeni. Bata anayepigwa kwa mbali hujeruhiwa na kuangukia kwenye kina, akafa maji au akaponyoka na marisau mwilini. Lakini anayekuja hadi hatua 25 huanguka karibu, penye maji haba, na mara nyingi humfikia angali hai ukamchinja. Kuhusu ndege aliyekufa kwa marisau kabla ya kuchinjwa, wanazuoni wana maelezo yao, na kila mtu amuulize mwanachuoni anayemwamini. Vazi linalofaa ndilo linalomleta ndege karibu.

Tulinunua koti lililokwisha kutumika, la rangi ya nyasi kavu. Pesa iliyobaki tuliitumia kununulia stempu ya serikali kuu ya dola 25, ambayo kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hulazimika kuwa nayo, na ambayo mapato yake huhifadhi maeneo ya majimaji. Pamoja na risasi za chuma, kwani marisau ya risasi nyeusi yamepigwa marufuku kwa bata nchini kote tangu mwaka 1991. Asubuhi ile kundi la kwanza lilipita mbali juu ya maji mengi, nami nikamwona kijana ameishusha bunduki bila kuambiwa. Kundi la pili liliteremka mbele ya matete. Alitaja jina la Allah, akapiga, na bata mmoja akaangukia kwenye tope, akamchinja kwa mkono wake. Siku hiyo ikawa imetosha.

Picha yake ilipofika Tanga, mpwa wangu aliomba atumiwe koti kama lile. Nilimkatalia, na sababu yake kila familia yenye ndugu ughaibuni yafaa kuijua. Huku mabaka ni nguo ya shambani; Tanzania ni alama ya jeshi, na raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Nguo inayomficha mtu kwa bata wa Minnesota yaweza kumtia mikononi mwa dola barabarani Tanga. Mpwa wangu alinuna kidogo. Nikamtumia koti la mvua la buluu, na mama yake ananiambia halivui.