Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Kompyuta Iliyokwenda Mwendo wa Kobe

Katika masomo ya ufundi, lililo gumu kufundishwa si kuunda kitu, bali ni kutafuta hitilafu ndani ya kitu kilichokwisha kuundwa. Kuunda kuna hatua zake, na hatua huandikwa ubaoni. Hitilafu haina mtaala. Aghalabu mwalimu huitafuta mwenyewe na kuitengeneza mbele ya wanafunzi, nao huondoka wakiwa wameiona mikono yake bila ya kuziona fikira zake. Napenda kuwaeleza wasomaji njia nyingine niliyoijaribu mwaka 2006 na wanachuo sita, tulipokuwa tukiunda kompyuta kutokana na vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja.

Vipande vyenyewe vilikuwa bodi kuu iliyokwisha kutumika, prosesa ya AMD Athlon XP 2500+, vipande viwili vya kumbukumbu, diski na kisanduku. Fedha zilikuwa mchango wa wanachuo wenyewe, na hilo ndilo lililolipa jambo hili uzito. Kompyuta ilipowashwa, skrini ilionyesha kwamba prosesa inakwenda kwa megahezi 1100. Wanachuo walitazamana. Walikuwa wamelipia 2500! Kabla kipindi hakijaisha, barua ilikuwa tayari, ikimwita mwenye duka laghai na kumtishia polisi. Ilibakia saini yangu tu. Mwenye duka huyo alikuwa kijana ambaye ndiyo kwanza aanze biashara yake, na barua ya namna ile, yenye mhuri wa chuo, ingaliweza kumfungia mlango. Sikukataa kutia saini. Nilisema nitaitia pindi watakaponionyesha, kwa hesabu na kwa vipimo, kwamba hapana maelezo mengine.

Ilinibidi kwanza nieleze habari za basi. Prosesa haijipigii mwendo yenyewe. Bodi kuu inayo saketi ya saa inayotoa mapigo, na mapigo hayo ndiyo yanayoongoza njia iunganishayo prosesa na kumbukumbu pamoja na sehemu nyingine. Njia hiyo mafundi huiita basi. Wanachuo walicheka, lakini jina si baya: hupakia data hapa na kuishusha pale. Prosesa huyapokea mapigo ya basi na kuyazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, ambayo kwa prosesa ile ilikuwa 11. Nikawauliza, 1100 ikigawanywa kwa 11 ni ngapi? Jibu lilikuja mara moja: 100 kamili. Nami nikanyamaza. Kunyamaza ni zana ya kufundishia isiyogharimu hata kipande cha chaki, ingawa wakaguzi hawaipendi. Hatimaye mwanachuo mmoja akasema, "Mwalimu, namba iliyokatika vizuri hivi haifanani na ubovu. Kuna kitu kimeichagua hiyo 100."

Hapo karatasi ya maelezo ya prosesa ikasomwa kwa mara ya kwanza. Ilitaja basi la 333. Kwa kuwa basi lile hupitisha data mara mbili katika kila pigo, mapigo yenyewe ni 166 na theluthi mbili. Ukizidisha kwa 11 unapata 1833. Kadhalika ilidhihirika kwamba 2500+ si megahezi hata kidogo, bali ni namba ya toleo iliyobuniwa ili mnunuzi alinganishe prosesa na nyinginezo. Basi kilichopotea hakikuwa megahezi 1400, kama barua ilivyodai, bali 733. Na bodi kuu nyingi za wakati ule, zikikosa maagizo, zilichagua mapigo 100 kwa usalama.

Tuliingia katika bayosi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya bodi, tukaweka 166. Kompyuta ikaganda. Barua ikafufuka.

Sheria niliyowawekea hapo ilikuwa hii: badili kitu kimoja tu, na kabla ya kukigusa, andika katika daftari unachotarajia kitokee na kwa nini. Waliiona sheria hiyo kuwa usumbufu. Hata hivyo, walipojaribu 133, kompyuta ilikwenda bila kusita kwa megahezi 1467, na daftari likawauliza swali ambalo mimi sikuliuliza: ni nani asiyeiweza 166, prosesa, bodi, au kumbukumbu? Walitoa kipande cha kwanza cha kumbukumbu, ikaganda tena. Wakakirudisha, wakatoa cha pili. Ikawaka, na skrini ikaandika 1833. Ndipo walipozisoma lebo. Kipande cha kwanza kilikuwa PC2700, kinachostahili mapigo 166. Cha pili PC2100, ambacho mwisho wake ni 133. Stakabadhi ya dukani ilisema vivyo hivyo. Aliyetumwa kununua alichagua kilicho rahisi. Programu ya Memtest86 iliachwa ikipima usiku kucha, na haikuona kosa lolote.

Mmoja wao, kwa furaha, alitaka tupande hadi 200 ili tupate 2200. Hilo nililikataa waziwazi. Katika bodi za namna ile mwendo wa kadi na wa diski ulipatikana kwa kuyagawanya mapigo ya basi: 166 kwa 5 ni 33, kama inavyotakiwa. Bodi isiyojua kugawanya kwa 6, ikipewa 200, huzipeleka kadi kwa 40, na data ya diski yaweza kuharibika.

Jumatatu iliyofuata tulikuta 1100 tena. Safari hii hapana aliyemtaja mwenye duka. Mwanachuo aliyekuwa mkimya kuliko wote alikuwa ameandika saa za kila jaribio, akaonyesha kwamba kompyuta ilisahau tu baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Maadam plagi imo, umeme mdogo huendelea kuyalinda maagizo ya bayosi. Ikichomolewa, kazi hiyo huwa ya betri ndogo iliyo juu ya bodi. Betri hiyo ya CR2032, ambayo ni ya volti 3, ilipopimwa ilitoa volti 2.2. Tulinunua nyingine, katika duka lile lile.

Basi la namna ile sasa limeachwa. Athlon 64 ya mwaka 2003 iliihamishia saketi inayoongoza kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe, na Intel ikafanya hivyo katika Core i7 ya mwaka 2008. Lakini hesabu ya mapigo na kizidisho ingalipo: kompyuta nyingi za leo huanza na 100. Hali kadhalika kumbukumbu ya DDR4 iliyouzwa kwa jina la 3200 mara nyingi huamka ikienda kwa 2133 au 2400, hadi mtu aingie katika bayosi na kuwasha mpango wa kasi uitwao XMP. Mkufunzi mwenye kompyuta ya namna hiyo darasani anaweza kuuacha mpango huo umezimwa, akawapa wanachuo kasha lenye maandishi ya 3200, akaketi nyuma ya darasa na daftari lake.