Gari la Mizigo Lililotufunza Kiswahili

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikifundisha Kiswahili katika shule za sekondari hapa Kigali, na katika muda wote huo watoto wangu watatu hawakuweza kuzungumza na bibi yao. Mama mkwe wangu anaishi Tabora. Alipopiga simu, binti yetu mkubwa alimwamkia shikamoo, akamwambia kuwa sote tu wazima, kisha akampa mama yake simu kwa haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. Wadogo zake hawakufika hata hapo. Siku moja mama mkwe akamwambia mke wangu: "Hao wajukuu zangu nawajua kwa kikohozi, maana ndicho pekee ninachokielewa." Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Safari ya basi tuliwahi kuijaribu. Mtoto wa pili alitapika njia nzima, tukalazimika kushuka Kahama usiku wa manane na kutafuta nyumba ya wageni, watoto wakiwa wamelala mabegani. Hivyo tulipopata habari za gari la mizigo lililokuwa likiuzwa, Toyota Hiace yenye paa la juu iliyokuwa ikisambaza mikate madukani, wazo likatujia la kuligeuza liwe gari la kusafiria na kulala. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa akiba ya mabati ya nyumba yetu. Mimi nilisita. Mke wangu akasema: "Nyumba yaweza kungoja. Mama hawezi." Nikakosa la kujibu.

Kazi ya chuma tuliipeleka Gatsata, na kazi ya mbao tukaipeleka kwa maseremala wa Gakinjiro, kule Gisozi. Ndugu msomaji atakumbuka kwamba Kiswahili ni mwenyeji wa siku nyingi mjini Kigali. Kiliingia na wafanyabiashara na askari tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1907, kikaweka makao Nyamirambo. Mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini mafundi hawakuingoja sheria. Fundi wetu wa bodi alijifunza ufundi Goma, mwenzake alijifunza Bujumbura, na seremala aliwahi kufanya kazi Mwanza. Mambo ya nyumbani waliyazungumza kwa Kinyarwanda. Walipoinama juu ya kazi, lugha iliyowatoka ilikuwa Kiswahili.

Kila Jumamosi nilikwenda na watoto, isipokuwa asubuhi za umuganda mwishoni mwa mwezi. Mara wakaanza kutumwa: lete spana, shika hapa, kaza, legeza, sukuma kidogo. Maneno kaza na legeza nilikuwa nimeyafundisha darasani mara nyingi katika somo la vinyume, na binti yangu alikuwa ameyasahau mara nyingi vilevile. Pale Gatsata hakuyasahau tena, kwa sababu nati isiyokazwa ilimwangukia mguuni. Baada ya wiki chache akaja na uvumbuzi wake mwenyewe. "Baba," akasema, "msumari ni umusumari, meza ni ameza, dirisha ni idirishya, ufunguo ni urufunguzo. Mbona hukutuambia kwamba tunakijua?" Naam, sikuwaambia. Nilikuwa nimeanza na ngeli.

Na hapo kwenye ngeli ndipo nilipopata mtihani wangu. Kiswahili cha fundi wa Goma hakishughuliki sana na upatanisho. "Kitanda yangu", "mbao yote", "gari ile". Kila aliposema hivyo mdomo wangu ulifunguka kusahihisha, na kila mara mke wangu alinifinya. Haukupita muda, watoto nao wakaanza kusema "kitanda yangu". Niliona haya, nami nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikiwasahihisha watarudi katika ule ukimya wa simu.

Ufundi nao ulikuwa na masahihisho yake. Seremala alitutengenezea makabati na vitanda vya mbao nzito, vilivyopigwa misumari kama samani za sebuleni. Vilipendeza kweli. Tulipoviingiza garini, nyuma pakainama, na baada ya safari fupi ya milima yetu misumari ikaanza kuchomoka. Nyumba imesimama, lakini gari hutikiswa kila dakika. Ikabidi kuvunja na kuanza upya kwa plaiwudi nyembamba, gundi na skrubu. Kiti cha watoto tulikifunga kwa bolti zilizopita sakafuni hadi kwenye mabamba ya chuma chini ya gari, kila mtoto na mkanda wake. Kiti kilichofungwa kwenye mbao tu hung'oka ajali inapotokea, na mkanda wake haumsaidii mtu.

Usiku wa kwanza wa majaribio tulilala kando ya Ziwa Muhazi. Alfajiri tuliamka tumelowa, nasi tukadhani paa linavuja. Kumbe ni pumzi zetu wenyewe: watu watano katika kisanduku cha bati, hewa ya joto ikigusa bati la baridi na kugeuka maji. Mdogo wao alikohoa siku mbili. Tukarudi Gatsata, tukatobolewa matundu ya hewa, moja chini karibu na sakafu na jingine juu darini, na kuta zikafunikwa kwa sponji na plaiwudi. Tukakubaliana pia kwamba jiko, liwe la gesi au la mkaa, halitawashwa kamwe ndani. Moshi wa mkaa humuua mtu aliyelala pasipo kumwamsha, na gesi yake mbaya zaidi haina hata harufu.

Tulilipeleka gari kwenye ukaguzi kule Remera, tukakata bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia huitambua, kisha tukaondoka wakati wa likizo. Daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, ndipo mahali ambapo dereva huacha kupita kulia na kuanza kupita kushoto. Jambo hilo nililijua. Nisichokifikiria ni mlango. Mlango wetu wa ubavuni uko kulia, upande wa ukingo wa barabara za Rwanda. Baada ya daraja ukawa unafungukia katikati ya barabara, yanakopita malori. Tukaweka amri: hakuna mtoto anayeshuka mpaka gari liwe limetoka kabisa barabarani, na wote wanapitia mlango wa nyuma. Amri hiyo niliitoa kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeomba tafsiri.

Tulipita Nyakanazi, tukalala Kahama ndani ya uzio wa nyumba ileile ya wageni, safari hii watoto wakiwa vitandani mwao. Kesho yake tulipita Nzega, na jioni tukaingia Tabora.

Mama mkwe ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Alilizunguka gari, akapapasa ukuta, akapanda na kuketi juu ya kitanda cha chini, akatazama kile cha juu. Nasi kwa miezi mingi tulikuwa tumekosa jina la kuliita. Nilikuwa nimependekeza gari-nyumba, nikapendekeza gari la malazi, na familia ikayakataa yote. Bibi hakufikiri hata kidogo. "Hili ni behewa," akasema. "Mmetengeneza behewa lisilo na reli." Baadaye nilifungua kamusi, nikaona kuwa behewa ni pia chumba kipana cha ndani ya nyumba. Neno lilitoka nyumbani likaenda relini, na leo limefika barabarani.

Usiku ule watoto walikataa kulala ndani ya nyumba, na bibi akakubali kulala nao garini. Nilikuwa nje nikifunga vyombo, nikamsikia binti yangu akisema: "Bibi, kitanda yangu inakunjwa hivi." Bibi akajibu taratibu: "Kitanda changu kinakunjwa hivi. Haya, nionyeshe." Mtoto akarudia, akapatia, kisha akaendelea kueleza habari za nati, spana na yule fundi wa Goma, mpaka taa ikazimwa. Mimi sikutia neno.