Likizo au Uhamisho?

Zamani karani wa Serikali alipopata likizo hakuulizwa aendako. Ilijulikana kwamba anakwenda kwao. Alinunua sukari, majani ya chai na kitambaa cha mama yake, akafunga sanduku, akapanda gari, na baada ya mwezi mmoja akarudi kazini mikono ikiwa na sugu za jembe. Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Wako watu, hasa wale wenye mtoto wa kwanza, wapendao kuichukua jamaa yao mahali pasipo jembe wala faili, wakae siku chache wapumzike. Jambo hilo si baya hata kidogo. Lakini yampasa baba wa nyumba ajiulize kwanza swali moja: likizo hiyo ni ya nani?

Swali hilo lilimfikia karani mmoja wa Nairobi mwezi wa Desemba mwaka 2018, naye hakuwa amelitayarishia jibu.

Mtoto wake alizaliwa mwezi wa Julai mwaka huo. Mkewe alikuwa mwalimu. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 mama alipata miezi 3 ya kukaa na mtoto bila kukatwa mshahara, na baba akapata majuma 2. Watu huziita siku hizo likizo, ingawa kila aliyekesha na mtoto wa siku 10 ajua kwamba jina hilo halikuchaguliwa vizuri. Basi, shule zilipofungwa, karani akaona kuwa wakati wa kupumzika kweli kweli umewadia. Akaomba majuma 3, akakubaliwa, akakusudia kuzitumia siku 7 za mwanzo Mombasa.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alipiga chapa ratiba. Jumatatu, kusafiri. Jumanne, kuogelea. Jumatano, kufuata maji yakipwa hadi kwenye miamba. Alhamisi, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ijumaa, mji wa kale. Jumamosi, kivuko cha Likoni. Ilikuwa ratiba safi, isiyo na kosa la herufi. Jina la mtoto halikuwamo.

Mkewe aliisoma, akairudisha mezani. Yaya wao alikuwa amekwisha kwenda kwao kwa sikukuu ya Krismasi. Akauliza, "Na nepi atafua nani?"

Mumewe akacheka. "Mama, ile ni likizo. Mambo hayo yatajipa yenyewe huko huko."

Mama yake karani naye alipiga simu kutoka Kakamega. Alikuwa bado hajamwona mjukuu wake. "Nasikia mtoto ataonja chumvi ya bahari kabla hajaona moto wa jiko langu," akasema. Mwanawe akamweleza kwamba wangefika kwake mara tu watokapo Pwani. Simu ikanyamaza kidogo. "Haya, mwanangu. Mwenye mtoto ni wewe." Maneno hayo hayakuwa na ubaya ndani yake, lakini yalimchoma.

Walipanda treni ya asubuhi katika stesheni ya Syokimau. Kabla ya kuingia, abiria hutakiwa kuweka mizigo yao chini kwa mstari ili mbwa wa polisi ainuse. Katika mstari ule hapakuwa na mzigo mkubwa kama wao: mabegi mawili, beseni, kapu la nepi, blanketi mbili, mto na mwavuli, na mwenye mzigo huo wote ni mtu asiyetimiza miezi sita. Treni ikaanza safari ya kushuka kutoka nyanda za juu zaidi ya mita 1,600 hadi usawa wa bahari. Walipopita katikati ya mbuga za Tsavo, tembo wekundu kwa vumbi walionekana karibu na njia ya reli. Karani akasimama akaita, "Mama, njoo utazame!" Mama hakuwako. Alikuwa chooni, ameegemeza mgongo mlangoni, akimbadili mtoto nepi huku sakafu ikitikisika. Aliporudi tembo walikuwa wamekwisha kupita, na mumewe akamhadithia jinsi walivyokuwa.

Walipofika Mombasa upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza, na joto la mchana lilipita digrii 30. Walikuwa wamekodi chumba huko Bamburi katika nyumba ya bibi mmoja mwenyeji wa Pwani. Bibi aliwakaribisha vizuri, kisha akamtazama mtoto, aliyevikwa sweta ya sufu, kofia na soksi kama avikwavyo mtoto wa Nairobi alfajiri.

"Mbona mwamvundika mwana kama ndizi?" akauliza.

Mama wa mtoto akatabasamu kwa heshima, lakini hakumvua. Tangu utoto wake alikuwa ameambiwa kwamba upepo huingia kifuani mwa mtoto ukaleta nimonia, na huku upepo ulikuwa wa bahari nzima. Jambo jingine alilohofia ni malaria, na hapo hofu yake ilikuwa na msingi, kwa maana mtoto aliyezaliwa Nairobi, mahali penye malaria kidogo, hana kinga ya ugonjwa huo. Chandarua cha chumba kile kilikuwa na matundu mawili. Akaomba sindano na uzi kwa Bibi, akayashona kabla hajaketi.

Siku mbili zilizofuata karani aliifuata ratiba yake. Aliogelea. Maji yalipopwa aliwafuata wavuvi hadi miambani, akaona pweza akitolewa shimoni. Alirudi jioni na madafu mawili na hadithi nyingi. Mkewe naye alichota maji ya ndoo kwenye bomba la uani, akafua nepi, akazianika, akazianua, akapika, akanyonyesha, akabembeleza mtoto asiyetaka kulala kwa sababu ya joto. Bahari aliisikia tu ikivuma nyuma ya ukuta.

Jumatano usiku mumewe alikuwa akisimulia habari za pweza. Mkewe alikuwa akikunja nepi. Akasema bila kuinua macho:

"Baba, wewe umepewa likizo. Mimi nimepewa uhamisho. Kazi ni ile ile. Kituo tu ndicho kipya, na maji yako mbali zaidi."

Karani alikasirika. Alifikiri juu ya fedha alizozilipa na miezi aliyojinyima ili kuziweka akiba. Akalala ameelekea ukutani. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aonaye kanda hilo kichwani mwa mwingine hudhani ni jepesi, kwa sababu shingo inayouma si yake.

Saa nane za usiku mkewe alimwamsha. Mtoto alikuwa wa moto, analia kwa sauti ndogo, na ziwa analikataa. Bibi akaamka, akaleta maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na kijiko. Mama akasita, kwani kliniki ilimwambia kwamba mtoto asipewe kitu chochote ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6. Bibi hakuona vibaya. Akatuma mjukuu wake akaite tuktuk. Ndani ya tuktuk hakuna aliyesema neno. Karani alikuwa amempakata mwanawe, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi moyo wa mtoto mchanga unavyokwenda mbio.

Katika zahanati palikuwa na muuguzi wa zamu. Kwa kuwa mama alikuwa akilia, muuguzi alimgeukia baba.

"Tangu asubuhi amenyonya mara ngapi?"

Karani akanyamaza.

"Nepi ngapi zimelowa? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi?"

Huyu alikuwa mtu ambaye kazini kwake aliwarudisha nyumbani watu walioleta fomu zisizojazwa. Alijua bei ya tikiti, idadi ya mabegi na mwaka ilipoanzwa ngome ya Wareno. Habari za mwanawe hakuwa nazo hata moja. Mkewe akafuta machozi akajibu yote, moja baada ya jingine, kwa saa na kwa hesabu.

Muuguzi akampima mtoto joto, akamtazama ulimi, akamgusa utosi aone kama umebonyea, akamchoma kisigino apate tone la damu la kupima malaria. Haikuonekana. Akawaeleza kwamba hata kama mbu angemuuma usiku wa kwanza, homa isingetokea upesi hivyo, kwa kuwa malaria hukaa mwilini kwa muda wa siku 7 au zaidi kabla haijajionyesha. Kisha akavua kofia, akavua soksi, akavua na sweta. Akasema joto la mji na sufu ya Nairobi vimekutana juu ya mwili mdogo. Mtoto amechoka kwa joto, naye akichoka hanyonyi, na asiponyonya hukauka. Dawa yake ni kivuli, nguo moja nyepesi, na ziwa la mama mara nyingi kuliko kawaida, kwani sehemu zaidi ya 80 katika 100 za maziwa hayo ni maji. Maji ya kijiko hayakuhitajiwa.

"Lakini mmefanya vyema kuja," akaongeza. "Homa ya mtoto mchanga haingojewi hadi kesho, wala haitibiwi kwa dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Na akipata homa mtakaporudi, mwambieni daktari kwamba alikuwa Pwani, ili ampime tena."

Wakakaa hapo hadi alfajiri. Mtoto akanyonya kidogo, akalala, akanyonya tena sana, kisha akamlowesha baba yake suruali. Pengine hapana mtu aliyewahi kushukuru kulowa kama karani yule.

Waliporudi, Bibi alimkuta mtoto amevaa kifulana tu. Hakusema habari za ndizi. Alimwambia mama, "Nenda kalale, mwanangu," akamtazama baba kwa jicho la kungoja.

Siku ile ratiba iligeuzwa. Nyuma ya karatasi ile ile karani alichora mistari: saa ya kunyonya, saa ya kulala, nepi. Akaijaza kila siku mpaka mwisho wa safari. Aliamka kabla ya jua kukaza, akamchukua mtoto na mkeka, akaketi chini ya mkungu ulio karibu na ufuo. Mvuvi mmoja mzee alipita akasimama.

"Mamake yu wapi?"

"Amelala."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Amelala tu."

Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Vyema," akaenda zake.

Baharini mtoto hakutazama hata mara moja. Alilitazama jani la mkungu lililokuwa likitikisika juu yake, akalitazama kwa muda wa nusu saa nzima. Baadaye karani alichota ndoo tatu za maji na kufua nepi saba, na hapo ndipo alipoujua uzito wa lile kanda la usufi.

Mkewe aliamka saa nne. Alikunywa chai, akajifunga leso, akaenda pwani peke yake. Mumewe alimwona kwa mbali akiingia majini hadi magotini, akasimama pale, haogelei, hafanyi kitu. Alisimama muda mrefu sana. Mtoto alianza kulia, na karani alikaribia kumwita mama yake, kisha hakumwita. Alimweka mtoto begani, akatembea naye huku na huku kivulini mpaka akanyamaza.

Ngome hawakuiona hata ukuta wake. Juma lililofuata walifika Kakamega. Nyanya alimpokea mjukuu langoni kabla hajawasalimu wazazi wake, akaketi naye mlangoni mwa jiko, akamkagua kutoka utosi hadi unyayo. Alipofika kwenye nepi akauliza, "Hii imefungwa na nani?"

"Ni mimi, Mama," akajibu mwanawe.

Mama yake akamtazama kitambo. "Imelegea," akasema, akaifungua, akaifunga upya mbele yake polepole, ili aone.

Wazazi watakaomchukua mtoto mchanga kwenda kupumzika, na waende kwa furaha. Wachukue chandarua kizima na nguo nyepesi, wamweke mtoto kivulini, wapunguze mahali pa kuzuru, kwa maana mtoto ndiye atakayeweka saa ya kila jambo. Lakini hayo yote huja baadaye. Kabla ya kuuliza nauli ya treni wala kodi ya chumba, baba na mama waketi pamoja wajibu lile swali dogo alilouliza mwalimu yule wa Nairobi: nepi atafua nani?