Tiketi ya Kurudi Ambayo Haikuwepo

Nakata tiketi za ndege Kariakoo, na naijua vizuri kazi ya kutengeneza safari ya kurudi isiyokuwepo. Si kazi ngumu. Unaingia kwenye mfumo, unachagua ndege na tarehe, unaandika jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti, unahifadhi. Mfumo unakupa namba ya buking, herufi na tarakimu sita zilizochanganywa. Unachapisha karatasi yenye jina, saa ya kuondoka, namba ya ndege, hata kilo za mzigo. Hujalipa hata shilingi. Shirika limekushikia kiti tu mpaka saa iliyopangwa, na saa hiyo ikipita bila malipo kiti kinaachiwa chenyewe. Hakuna atakayekupigia kukuuliza.

Tiketi ni kitu kingine kabisa. Tangu Juni 2008, mashirika ya ndege ya chama cha IATA yalipoachana na tiketi za karatasi, tiketi ni namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikitambulisha shirika lenyewe. Asiye na namba hiyo hana tiketi, hata karatasi yake iwe na nembo na rangi za kupendeza. Mimi nalijua hilo. Mama niliyemhudumia mwaka 2024 hakulijua, nami nilitegemea asilijue.

Alikuwa anakwenda Dubai. Binti yake anaishi huko na mumewe, mimba ya kwanza, na mama alikuwa anakwenda kumkanda mzazi na kumwangalia mpaka amalize arobaini. Viza ya matembezi ya siku 60 mkwe alishaitafuta. Mzigo ulishafungwa: pilipili manga ya uji, iliki, mafuta ya nazi, kanga mpya. Pesa alizitoa kwenye fundo la upindo wa kanga aliyovaa, akazihesabu mezani mara mbili, zikapungua elfu themanini na tano hata kwa tiketi ya kwenda peke yake.

"Kurudi sijui lini, mwanangu," akaniambia. "Mtoto ndiye atakayesema."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia: Mama, mtoto hana kauli, yenye kauli ni viza. Siku 60 zikiisha, kila siku ya ziada ni faini ya dirhamu 50. Nunua ya kwenda na kurudi ambayo tarehe yake inabadilika kwa ada kidogo, weka tarehe yoyote ndani ya viza, ukiona mambo hayajakaa sawa nipigie niisogeze. Ningemwambia pia kwamba mgeni wa viza ya matembezi anayesafiri na tiketi ya kwenda tu anajitafutia maswali. Mwenye kibali cha ukaazi, cha kazi au cha masomo anaweza kwenda na tiketi moja na asiulizwe chochote. Mgeni ni tofauti, kwa sababu maana yote ya viza yake ni kwamba ataondoka.

Sikumwambia. Nilijua nikimtajia bei ya kwenda na kurudi atasema anakwenda kufikiri, na kufikiri Kariakoo maana yake ni kuingia ofisi ya jirani. Siku hizi kamisheni za mashirika kwetu mawakala zimekauka, tunaishi kwa ada tunayoiongeza juu ya bei. Mteja akitoka mlangoni ametoka na ada. Nikamkatia ya kwenda, nikamkopesha ile elfu themanini na tano, kisha nikamtengenezea buking ya kurudi, nikaichapisha kwa rangi na kuibana pamoja na tiketi ya kweli.

"Hii ya kurudi, wakikuuliza waonyeshe. Tutaimalizia baadaye."

Akadhani kinachomaliziwa ni deni lake. Nilimwona akidhani hivyo, nikanyamaza. Alinishukuru mpaka akaniombea dua.

Wasafiri wengi wanafikiri mtihani uko kwa afisa uhamiaji wa nchi wanayokwenda. Mtihani wa kwanza uko kwenye kaunta ya shirika la ndege, na mara nyingi ndio mgumu zaidi. Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga una kiambatisho cha tisa, na kwa utaratibu wake abiria akikataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo linalotakiwa kumwondoa. Nchi nyingine zinaongeza na faini: Uingereza ina sheria tangu 1987 inayolitoza shirika linalomleta abiria asiye na hati zinazotakiwa, na faini hiyo inafika pauni 2,000 kwa kila mtu mmoja. Ndiyo maana yule binti wa kaunta anakodolea kioo macho. Anasoma Timatic, hazina ya masharti ya kuingia kila nchi: uraia huu, safari hii, anatakiwa awe na nini. Kama pameandikwa tiketi ya kurudi, anaitaka. Hana ugomvi na wewe, analinda mfuko wa mwajiri wake. Na mwaka ule wa 2024, kuanzia Mei, habari zilikuwa zimeenea kwa mawakala kwamba wanaokwenda Dubai kwa viza ya matembezi wanaulizwa tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia na dirhamu 3,000 mkononi. Nilizisoma. Niliwatumia hata wenzangu kwenye simu.

Sasa ujanja wangu ulikuwa hivi: buking ile ilikuwa hai mpaka dakika moja kabla ya saa sita usiku. Mama angepita kaunta ya Dar es Salaam jioni, mfanyakazi angeingiza zile herufi sita, angeona safari ya kurudi ipo, mambo yamekwisha. Na kweli Dar alipita. Nilichosahau, au nilichojifanya kusahau, ni kwamba safari yake ilikuwa na kituo cha kubadilishia ndege katikati. Huko wakamkagua tena getini, baada ya saa sita. Safari ya kurudi haikuwepo tena. Kwenye karatasi ya mama ipo, kwenye kioo chao haipo.

Simu ilianza kuita saa nane usiku. Namba ya kwanza ilikuwa ya Kenya. Baadaye nilijua ni ya binti wa Mombasa aliyekuwa anakwenda kazini Ghuba, aliyemsaidia mama baada ya kumkuta analia getini na laini yake haishiki mtandao. Kisha ikaita ya Dubai, na kuita tena.

Sikuwa nimelala. Niliiangalia ikiita. Nilijua ni nini, kwa sababu niliikumbuka ile saa sita tangu nilipopanda kitandani. Kompyuta ya ofisi ilikuwa mezani, umeme upo, mtandao upo. Kuigeuza buking kuwa tiketi ni kazi ya dakika kumi, na hata kama ile ilishafutwa ningeweza kufungua mpya. Lakini kupokea kungekuwa kukiri, na pesa ya kununulia ningeitoa wapi usiku ule kama si mfukoni mwangu? Nikaigeuza simu kifudifudi. Nimewahi kumsimulia mwenzangu mmoja habari ya tiketi, tukacheka kama watu wa biashara tunavyochekaga mambo ya mfumo. Habari ya simu sijawahi kumwambia mtu.

Yaliyokuwa yakiendelea upande wa pili niliyajua kidogo kidogo. Binti wa mama alikuwa ameshaingizwa hospitali jioni ile, uchungu umeanza mapema kuliko walivyotarajia. Mkwe alikuwa koridoni na simu, akibishana na watu wa getini kupitia simu ya yule binti wa Mombasa, akiwaambia tiketi ya kurudi ipo, imelipiwa, karatasi hiyo hapo anayo mkononi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kama ningemwambia mama wazi kwamba hana. Mkwe angejua hana, angenunua nyingine palepale kwa kadi yake, mama angepanda. Alipoteza muda wote akikitetea kitu ambacho nilikitengeneza mimi. Alipoanza kushuku, mlango wa ndege ulikuwa umefungwa na mzigo wa mama umeshushwa.

Nilimpigia mkwe saa kumi na mbili asubuhi.

"Samahani baba, simu ilikuwa kimya, nimeamka sasa hivi. Inaonekana mfumo wa shirika ulikuwa chini usiku, ukaangusha buking."

Mfumo haukuwa chini. Aliamini, au alichoka. Akanitumia pesa, nikakata tiketi ya kurudi ya kweli, yenye tarakimu 13, na kwenye bei nikaongeza ada yangu ya ofisi kama kawaida. Nilipoiona imeingia kwenye hesabu sikuirudisha.

Mama alikaa kwenye viti vya uwanja mpaka ndege ya siku iliyofuata. Mjukuu alizaliwa alfajiri ile, wa kike, na aliyempokea mikononi ni muuguzi wa Kifilipino. Binti hakuwa na mtu wa kwao chumbani. Dubai yenyewe, kwa taarifa yako, walimpitisha mama uhamiaji bila shida: picha, muhuri, karibu. Afisa hakuiomba hata hiyo tiketi. Nimesikia mawakala wakiitumia habari kama hiyo kuwa ushahidi kwamba ya kurudi haina maana, na mtaani kwetu buking za kuonyesha bado zinachapishwa kila siku. Kuna hata watu mtandaoni wanaozikodisha kwa saa.

Alirudi kabla viza haijaisha. Wiki ile ile akaja ofisini, amependeza, ananukia udi, mfukoni kaniletea kibahasha cha ubani. Nikamwamkia, akanionyesha picha za mtoto moja baada ya nyingine. Kisha akafungua upindo wa kanga.

"Deni lako, mwanangu. Mkwe wangu aliniambia yale matatizo ya mfumo. Poleni nyie watu wa kompyuta, mnahangaika."

Elfu themanini na tano, noti za elfu kumi nane na ya elfu tano moja. Nikazihesabu mbele yake kama ilivyo desturi ya ofisi, nikamwandikia risiti. Akaniuliza kama nitamkatia tena mtoto akitimiza mwaka, nikamwambia akiwa tayari aje.